Mafaili Yenye Kufuli na Kiti cha Dija

Shangazi Shufaa, shikamoo. Najua wengi wanaokuandikia humu gazetini huanza kwa kulia, mimi nitaanza kwa kujitambulisha ili ujue unazungumza na nani. Naitwa Mikdad, mtoto wa Kaole, na ukishuka stendi ya Bagamoyo ukauliza fundi wa kompyuta hapa mjini ni nani utaoneshwa mimi, ukioneshwa mwingine ujue huyo aliyekuonesha tumegombana. Shule niliishia kidato cha pili, na naomba hili uliandike kama nilivyolisema, shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, maana nilikuwa nimeshaanza kumsahihisha mwalimu wa kompyuta mbele ya darasa na yeye hakupenda. Sasa mtu kama mimi kuomba ushauri si jambo dogo, lakini nimekwama, Shangazi, nimekwama pabaya, na nisipokwamuka kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo basi tena.

Nafanya kazi kwenye duka la steshenari la Bwana Abdullatif, pale mjini watu wanapotoa kopi, wanapochapa barua, wanapojaza maombi ya pasipoti na vyeti vya kuzaliwa na ajira, kwa hiyo elewa kwamba kompyuta zetu zimebeba mambo ya watu. Ile kubwa iko karibu na dirisha, na zamani ilikuwa imeoza kwa virusi vya flashi za wateja, ukichomeka flashi inakaa kama mtu mwenye homa, mimi ndiye niliyeifuta yote nikaiwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Bosi akanivuta pembeni akaniuliza, "Mikdad, hiyo Linakisi yako ni ya bure kihalali au utaniletea askari dukani?" nikamwambia Bosi tulia, hii ni halali kuliko nyama ya Idi, na tangu siku hiyo virusi hatujaviona na sifa zangu zikafika mpaka Makurunge.

Na huko huko Makurunge ndiko anakotoka Dija, binti anayekaa kwenye kompyuta hiyo ya dirishani. Dija alisoma kozi fupi ya kompyuta, anachapa bila kutazama vidole, na ana mdomo, Shangazi, ana mdomo yule, jina langu hajawahi kuniita hata mara moja, ananiita Profesa. "Profesa, printa yako imekula karatasi." "Profesa, mteja anauliza wewe ndiye fundi au ndiye mfagiaji." Mimi nami namrudishia, tunacheka, siku zinakwenda. Nakueleza haya usije ukadhani nilikuwa na kinyongo naye. Sikuwa nacho. Kama kuna kitu nilikuwa nacho basi ni kinyume chake, lakini hilo tuliache, keshaposwa na watu wa Miono.

Sasa sikiliza kisa. Kabla ya Ramadhani niliipandisha ile kompyuta toleo jipya la Linux, ikapanda bila kelele, kila mtu akafurahi. Juzi hapa, sina kazi, nikaanza kutembea ndani ya mafolda yake kama mwenye shamba anayekagua mipaka, nikaingia folda la etc, nikaingia folda lililo ndani yake linaloitwa netplan, ambamo mashine inaweka mipango yake ya mtandao, na humo siku zote nilijua mna faili moja tu lenye jina fupi la kueleweka. Nikakuta mafaili mengine matatu. Majina yake si ya binadamu, yote yanaanza na 90-NM halafu mkia mrefu wa tarakimu na herufi kama mtu amekalia kibodi, na kila moja lina alama ya kufuli pembeni. Nikabofya la kwanza, mashine ikaniambia sina ruhusa. Mimi! Niliyeiweka hiyo Linux kwa vidole hivi naambiwa sina ruhusa, ni sawa na mtu kurudi kwake akakuta kitasa kimebadilishwa.

Nikatazama tarehe zake ndipo nywele zikanisimama. Moja lilizaliwa siku ile ile niliyoipandisha mashine toleo jipya, yaani huyo mtu alikuwa ananivizia. La pili lina tarehe ya ile mvua kubwa iliyokata mtandao wa mtaa wetu wote, siku ambayo, nisijisifu lakini ndiyo hali, mimi ndiye niliyeliokoa duka, vijana wamejazana wanatuma maombi ya ajira siku ya mwisho na waifai imekufa, nikawasha simu yangu nikaigawia kompyuta mtandao, maombi yakaenda yote na Bosi akaniagizia biriani, sasa siku hiyo hiyo mtu anajipenyeza, kana kwamba alisubiri mtaa uzimike. La tatu lina tarehe ya maandalizi ya harusi ya Kholood, binti wa Bosi, ile ya Mfunguo Mosi baada ya Ramadhani, ambapo sisi sote tulikuwa na shughuli hatuna macho, mimi mwenyewe niliipakia kompyuta hiyo kwenye bajaji nikaipeleka nyumbani kwao nikakaa nayo sebuleni nikitengeneza kadi na ratiba. Mwizi wa mahesabu huyo, Shangazi. Anachagua siku.

Basi nikapiga kelele. Najua sasa kwamba nilipaswa kunong'ona lakini nilipiga kelele, duka limejaa, nikasema, "Bosi! Kuna mtu ameingia humu!"

Bosi akasimama na kalamu mkononi. "Ameingia nani?"

"Mtu."

"Kwa mlango gani?"

"Kwa mtandao, Bosi. Kuna mafaili matatu hayana mwenyewe na yote yamepigwa kufuli."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kopi akakinyanyua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kutoka mezani, akakiweka kifuani, akatoka. Bosi alipoona hivyo akaweka kalamu chini. Akauliza nani anatumia mashine ile. Na hapa naomba unisikilize vizuri, mimi sikutaja jina la mtu, wallahi sikutaja, nilisema tu, "Anayekaa kwenye kiti kile ndiye ajuaye." Kwenye kiti kile anakaa Dija.

Dija, aliyekuwa amehamia mashine nyingine wakati naikagua ile, akaacha kuchapa. Akasema, "Profesa, unasema nini wewe? Mimi folda hilo hata sijui linakaa chumba gani." Nami kwa vile watu wanatazama na ulimi wangu umezoea kumrudishia nikasema, "Wezi wote huwa hawajui chumba." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaongeza na la simu yake, kwamba kila siku anaichomeka kwenye kompyuta kwa waya eti anachaji, na hilo ndilo lililommaliza, Bosi akamwambia kwa sauti ya chini, "Dija mwanangu, kapumzike nyumbani mpaka tulijue hili." Akachukua mkoba wake. Alipopita mbele yangu nilingoja aniite Profesa anitukane, hakuniita kitu.

Mimi nikaingia kazini. Amri ya kufuta faili lenye kufuli nilishaiona kwa mtu mtandaoni, unaiandika kwenye kile kidirisha cheusi, unaweka nywila yako kubwa, faili linaondoka. Nikalifuta lile la kwanza. Nilipowasha upya kompyuta, mtandao hakuna, umekufa kabisa, nikajua huyo mtu amekasirika ananipiga. Nikaichagua waifai ya duka, nikaandika nywila yake upya, mtandao ukarudi, nikaenda kutazama folda, na Shangazi, faili limerudi! Mkia mwingine, tarehe ya siku hiyo hiyo, kufuli lile lile. Niliruka kutoka kwenye kiti. Halafu nikawaza, ngoja, Dija yuko Makurunge, saa hii anapalilia mihogo na mama yake, sasa hili amelirudisha nani? Hapo ndipo kitu kikaanza kunikwaruza ndani, lakini nilipomwambia Bosi akasema basi ana mwenzake.

Habari zikapanda ngazi mpaka kwa Bi Thuraya, mama yake Bosi, yeye anaishi nao nyumba moja na neno lake halirudishwi. Akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mjukuu wangu, una hakika kuna mkono wa mtu?" Nikasema hakika bibi. Akasema, "Basi polisi hatuendi. Ijumaa ijayo baada ya Alasiri tutasoma Albadiri hapa nyumbani. Kila aliyeigusa mashine ile aje akae. Aliyeyatia mafaili hayo, akiwa mmoja, wakiwa wawili, yatamkuta." Wewe ni mtu wa pwani, Shangazi, sina haja ya kukueleza kisomo hicho kikishatangazwa mtaa unakuwaje, watu wanakitaja kwa sauti ya chini na hata asiyeiba sindano anaanza kuhesabu dhambi zake.

Ningeweza kuvumilia yote hayo. Jana akaja mama yake Dija, Bi Habiba, kutoka Makurunge, kanga zake zimepigwa pasi kama anakwenda barazani kwa kadhi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti kile cha dirishani. Akasema, "Mwanangu, mimi mashine siijui. Wewe unaijua. Nitazame usoni uniambie mwanangu aliweka nini humo." Nikamwambia mama, uchunguzi unaendelea. Nilisema hivyo kweli, kama msemaji wa kitu fulani redioni. Akatikisa kichwa akasema, "Watu wa Miono wametuma salamu. Wanasema mambo ya posa wayasimamishe kidogo, Ijumaa ipite kwanza." Akaaga kwa heshima zote. Afadhali angenizaba kibao.

Sasa nakuuliza wewe unayetatua ya watu. Je, nikae kimya kisomo kipite, kwa kuwa kama Dija hana kosa hakitamgusa? Au nimwambie Bosi kwamba sina hakika, wakati nilishasema hakika mbele ya duka zima na mbele ya Bi Thuraya, na kesho nikipita sokoni nani ataniletea kompyuta yake? Na nikisema sina hakika halafu ikawa kweli kuna mtu ndani, vyeti vya watu vikaibwa, itakuwaje? Silali vizuri, chakula nakula lakini bila nia. Jibu haraka, na kama unaweza usinicheke sana.

Mimi Mikdad, fundi, Bagamoyo.


SHANGAZI SHUFAA ANAJIBU

Mikdad mwanangu, marahaba. Nimecheka, nisikufiche. Nimecheka pale kwenye shule uliyoiacha wewe, nikacheka kwa nyama ya Idi. Nilipofika kwa Bi Habiba amekaa kwenye kiti kile na kanga zake za pasi nikaacha kucheka, nikaisoma barua upya kutoka juu, na safari hii nikaisoma kama mtu anayemtafuta mwizi. Nimempata. Lakini kwanza pumua. Gazeti hili linatoka Jumatano, kisomo ni Ijumaa, una muda wa kutosha wa kufanya nitakayokuambia, na kwa kuwa kwenye barua yako uliacha namba ya simu, majibu haya nimekutumia mapema ili usije ukasema gazeti liliisha.

Usidhani shangazi yako anajua mawifi na mahari tu. Kompyuta ninayokujibia hapa ofisini nayo ni ya Linux, kijana wetu wa mitambo aliiweka bila kuniuliza, nikaizoea. Baada ya kusoma barua yako nilimwita akanisimamia, nikaingia folda hilo hilo la netplan. Unajua nilikuta nini? Mafaili manne, yote 90-NM, yote na mkia kama mtu amekalia kibodi, yote na kufuli. Nani ananivizia mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu? Tukayafungua. Moja ni waifai ya ofisi. Moja ni ya nyumbani kwangu. Moja ni ya hoteli ya Morogoro nilikokwenda kwenye harusi ya mpwa wangu, nikabeba kazi. La mwisho ni simu ya mkwe wangu, siku bando langu lilipokata.

Umeelewa sasa? Mafaili hayo hayakuwekwa na mkono wa mwizi. Mashine yenyewe inayaandika. Kila unapoiunganisha na mtandao mpya na kuiandikia nywila, inajiwekea kumbukumbu ili kesho isikuulize tena. Matoleo ya zamani yalikuwa yanaweka kumbukumbu hizo kwenye folda jingine ambalo hukuwahi kulitembelea pamoja na ukaguzi wako wote wa mipaka, toleo jipya linaziweka hapo. Ulipoipandisha toleo ikahamisha ya waifai ya duka kutoka kule kuja huku, na ndiyo maana faili la kwanza lina tarehe ya siku hiyo. Mkia ule mrefu ni jina ambalo mashine inajitungia ili mafaili yasigongane. Na kufuli liko kwa sababu ndani mna nywila ya waifai, kwa hiyo haitaki kila anayekaa kwenye kiti aione. Haikukukataa wewe. Ilikuwa inangoja useme kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka, na mamlaka unayo, nywila kubwa unayo, uliitumia vizuri sana siku ya kufuta.

Hapo ndipo nimekukasirikia, Mikdad. Umejua kufuta kabla ya kujua kusoma. Ulikuwa na ufunguo mfukoni, ukautumia kuvunja mlango. Ulipolifuta faili la waifai ya duka ulikuwa umeifutia mashine kumbukumbu yake, ndipo mtandao ukakatika, hakuna aliyekasirika wala aliyekupiga. Ulipoandika nywila upya ikajiandikia kumbukumbu mpya, ndiyo ile iliyokufanya uruke kutoka kwenye kiti. Aliyelirudisha faili ni wewe, sekunde chache kabla ya kuruka.

Sasa tusome tarehe zako pamoja. Siku ya mvua kubwa, waifai imekufa, shujaa mmoja akawasha simu yake akaigawia kompyuta mtandao. Faili la siku hiyo ni la simu yako, Mikdad, lile lililokupatia biriani. Siku za harusi ya Kholood, mtu aliibeba kompyuta kwenye bajaji akaipeleka nyumbani kwa Bosi akakaa nayo sebuleni. Faili la siku hiyo, naweka rehani mkufu wangu, ni la waifai ya nyumba ile. Kwa maneno mengine mmoja wa washukiwa wako ni kisanduku cha waifai, kiko ukutani sebuleni kwa Bi Thuraya na taa zake za kijani, na Ijumaa ijayo mlikuwa mkae mbele yake hicho mkiombee balaa. Na yule mwingine aliyeyatia mafaili, ambaye bibi alisema yatamkuta akiwa mmoja au wakiwa wawili, ni wewe uliyeiunganisha mashine kote huko. Mimi si shehe na mambo ya kisomo nawaachia wenyewe. Ila hata mimi najua kwamba haistahili watu wazima watie udhu wamshtakie Mwenyezi Mungu faili ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifungua.

Unaniuliza kama ukae kimya kwa kuwa Dija asipokuwa na kosa hakitamgusa. Hasha. Kimeshamgusa. Mtoto wa watu yuko nyumbani, posa yake imesimamishwa, mama yake anapita njiani watu wananyamaza. Na usiniambie hukutaja jina. Kiti cha mtu mmoja ni jina. Ulimtaja huku umeficha mkono, na kutaja hivyo kunauma zaidi, maana hata kujitetea hawezi, akijibu ataambiwa mbona umejishtukia. Halafu ukamtania mbele ya watu wakati yeye anatuhumiwa. Utani wenu ulikuwa wa watu wawili, Mikdad. Siku ile uliutumia wewe peke yako.

Lakini nauona na upande wako. Uliogopa vyeti vya watu visiibwe, na hofu hiyo ni ya mtu mwema. Na Dija akiwa Makurunge na faili limerudi, wewe mwenyewe ulisimama ukajiuliza amelirudisha nani. Swali hilo lilikuwa sahihi kabisa, kosa lako ni kulinyamazia Bosi alipokujibu haraka. Ndiyo maana sikutupi.

Basi fanya hivi. Kwanza acha kufuta. Usiguse faili jingine lolote. Kesho asubuhi kabla wateja hawajajaa mwite Bosi, mwombe na Bi Thuraya aje dukani, mweke kiti akae, umwamkie vizuri. Fungua kidirisha chako cheusi mbele yao. Ile amri yako ya kufuta inaanza na neno la kuomba mamlaka, sudo, hilo libakishe. Linalofuata ni la kufuta, liondoe, weka cat, ambalo kazi yake ni kukuonesha kilichoandikwa tu, haliharibu kitu. Utaona jina la mtandao, na karibu nalo utaona nywila, kwa hiyo usipige picha ukairusha kwenye magrupu, nakujua. Wasomee majina kwa sauti, moja moja. Utakapofika kwenye jina la waifai ya nyumbani kwao usicheke. Bi Thuraya ni mtu mzima aliyeogopea duka la mwanawe, na wewe ndiye uliyemwambia una hakika. Na ukikuta jina la mtandao usilolijua kabisa, sema tu hili silijui, ulizia kwa upole, usitazame kiti cha mtu. Hata likiwa simu ya Dija, si kosa, hata wewe mtandao wako ulikuwa wa simu na ukapewa biriani.

Wakishaona, sema mwenyewe kabla Bosi hajasema: "Mafaili haya niliyaleta mimi kwa kuunganisha, na Dija nilimsingizia." Neno hilo hilo, usilipambe. Mwombe Bi Thuraya akitangue kisomo kwa mdomo ule ule aliokitangaza nao, kwa sababu mtaa utaamini kwake, kwako hautaamini tena kwa muda. Na mwombe Bosi awapigie yeye watu wa Miono, siku hiyo hiyo, awaambie kwamba kosa lilikuwa la duka lake. Wewe usiwapigie. Wewe huko utaonekana unajipendekeza, na tukilitazama lile uliloomba tuliache, inawezekana ukawa unajipendekeza kweli.

Halafu Makurunge. Uende na Bosi, mchana, watu wakiona, kwa kuwa Dija alichekwa mchana watu wakiona. Usimtumie Dija ujumbe wa simu wala salamu kwa mtu. Umwambie Bi Habiba ukimtazama usoni, kama alivyokuomba siku ile ukamjibu kwa sauti ya redioni. Akikufokea, pokea. Akikupa maji, kunywa. Dija asipotaka kuzungumza nawe, usimlazimishe na usimfanyie mzaha ili kupunguza uzito. Uzito ule ni wako, ubebe.

Unaogopa sokoni watasema nini kuhusu fundi aliyekosea. Nitakuambia mimi ninavyochagua fundi. Nikimpelekea mtu kompyuta yangu akanijibu kila kitu papo hapo, naichukua naondoka. Akiniambia, mama, hili silijui, niachie nilitazame, namwachia na funguo za nyumba. Bagamoyo ina mafundi wengi wa kusema hakika. Wewe unaweza kuwa wa aina nyingine, na barua yako inanionesha umeshaanza, maana hakuna aliyekulazimisha kuiandika.

Siku Dija akirudi dukani, mwache akae kwenye kiti chake kwanza, atulie. Mfundishe kulifungua folda lile na kusoma kilichomo, ili siku nyingine mtu akipiga kelele yeye awe wa kwanza kusema ngoja tutazame. Na kama itamchukua wiki au mwezi kuzungumza nawe, vumilia, fanya kazi yako. Utajua mambo yamepona siku printa itakapokula karatasi naye akakuita Profesa. Siku hiyo, mwanangu, usimrudishie neno. Itika, uende ukaitoe hiyo karatasi.